Lengo la fedha au la kazi? La mwaka au la bamvua?

Kila ikikaribia Januari kaka yangu hunipigia simu kutoka Wete, Pemba. Salamu zikisha, swali ni lile lile: "Haya, mwaka huu umeandika ngapi?" Haulizi nini, huuliza ngapi. Yeye ana duka la mchele, unga, sukari na sabuni. Mimi naoka mikate ya ufuta hapa Unguja, nyumbani kwangu, napeleka kwenye maduka ya mtaani na kwa wenye biashara ya chai. Kwa miaka sita sote wawili tuliweka malengo kwa namna moja: namba kubwa ya fedha, kipindi cha mwaka mzima, mstari chini yake, daftari kabatini.

Yake ilitimia mara moja. Yangu haikutimia hata mara moja, na mwaka ilipokaribia ndio mwaka nilioumia zaidi.

Tangu hapo nimejaribu njia nyingine, nyingine nimeziona kwa majirani na kwa wifi yangu anayelima mwani Jambiani kwa kufuata bamvua, zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana. Hapa naziweka mbili mbili, ubavu kwa ubavu, ili mwenye banda, cherehani, tanuri au duka achague. Sitazipa maksi sawa, kwa sababu hazilingani.

Fedha au kazi

Lengo la fedha hutaja kitakachoingia: mauzo ya milioni 18 kwa mwaka, au faida ya laki tatu kwa mwezi. Lengo la kazi hutaja utakachofanya: kuwasha tanuri saa kumi alfajiri siku sita za wiki, kuwapitia wadaiwa kila Jumamosi, kumtafuta mteja mpya mmoja kila wiki. La kwanza lina utamu, maana linasema kile hasa unachokitaka. Ila kuingia kwa fedha kunategemea watu wengi, na wewe ni mmoja tu kati yao.

Mwaka wangu ulioniumiza nilikuwa nimeandika milioni 18. Ilipofika Oktoba nikaona nimekaribia, roho ikanipanda. Nikaanza kuwasukumia wenye maduka mikate zaidi kwa mali kauli: chukua thalathini badala ya ishirini, utanilipa ukishauza. Kila mkate uliotoka mlangoni niliuandika umeuzwa. Daftari lilipendeza. Februari nilikuwa bado nazunguka kudai. Wawili walinirudishia mikate mikavu kama kigae, mmoja alihama mtaa kimya kimya, na polo la unga la mwezi ule nikalinunua kwa pesa ya sare za skuli za mtoto.

Nilijiona mjinga mpaka nilipojua kwamba wakubwa walishajikwaa papo hapo. Mwaka 1992 kampuni ya Sears ya Marekani ilituhumiwa na mamlaka za jimbo la California kwamba karakana zake za magari zinawatoza wateja matengenezo wasiyoyahitaji. Wafanyakazi wa karakana walikuwa wamewekewa kiwango cha mauzo, dola 147 kwa kila saa. Mwenyekiti wa kampuni, Edward Brennan, alikiri kwamba namna malengo yalivyowekwa ilifungua mlango wa makosa hayo. Hili halinishangazi. Fundi hana namna ya kuyafanya magari ya watu yaharibike; ukimtaka alete dola kadhaa kila saa, atazitafuta hata pasipo ubovu.

Weka pembeni yake habari ya madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, iliyochapishwa na Gary Latham na James Baldes mwaka 1975. Malori yalikuwa yakitoka msituni yamebeba kama asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Madereva wakapewa lengo la asilimia 94. Hawakuahidiwa senti ya ziada. Baada ya miezi michache walikuwa wanabeba kama asilimia 90. Lengo lilikuwa gumu, lakini dereva akitaka kulifikia anajua la kufanya: aongeze gogo jingine juu ya lori.

Huo ndio mpaka wenyewe. Kabla hujaandika namba, jiulize ukiamka kesho utaigusa kwa mkono gani. Usipoona mkono, hiyo namba ni dua, na dua ina mahala pake.

Nikupe hesabu ya jikoni kwangu, kwa namba za mviringo. Tuseme mkate nauza shilingi 1,000 na kuutengeneza kunanigharimu 800, faida 200. Nikitaka laki tatu kwa mwezi lazima niuze mikate 1,500, ambayo kwa siku 26 za kazi ni kama 58 kwa siku. Hapo ndipo wengi huishia: basi tuongeze mauzo, 58 iwe 70. Sasa tazama mikate inayorudi bila kuuzwa. Ikirudi minane kwa siku, nimepoteza 6,400, yaani faida ya mikate 32 iliyouzwa. Nikishusha inayorudi kutoka minane hadi mitatu nimeokoa 4,000 kwa siku, sawa na kupata wateja wa mikate 20 zaidi. Kwa mwezi ni 104,000. Na kuishusha kuko mkononi mwangu: naandika kila duka limerudisha ngapi, kesho yake napunguza pale panaporudi. Sihitaji mteja mpya hata mmoja.

Lengo la fedha lisingenionesha hilo hata ningelikodolea macho mwaka mzima.

Pamoja na hayo, lengo la fedha lina mahali ambapo lazima lishinde. Ule mwaka wa kaka uliotimia, alikuwa anadaiwa kodi ya mlango wa duka, kiasi maalumu, tarehe maalumu, na mwenye nyumba si mtu wa masihara. Hapo kusema "nitafungua duka mapema kila siku" haitoshi. Ukiwa na mkopo wa benki, zamu ya kutoa upatu, au ada ya leseni, anza na fedha, kisha igawanye irudi kwenye kazi ya kila siku. Fedha ambayo mtu mwingine anaisubiri ni lengo zuri la fedha. Fedha unayoitamani tu mara nyingi hukupeleka kwenye mali kauli.

Mwaka au bamvua

Hapa ndipo ninapogombana na makaratasi ya semina za ujasiriamali. Karibu zote zina jedwali la Januari hadi Disemba, robo nne zilizokatwa sawasawa kama boflo. Visiwani kwetu hakuna biashara inayokwenda hivyo.

Chukua Ramadhani. Kwa mimi wa mkate wa ufuta ni mwezi wa kutolala. Kwa jirani yangu anayeuza chai na maandazi asubuhi ni mwezi wa kufunga banda mpaka alasiri. Na mwezi huu unatembea, kila mwaka hutangulia kama siku 11. Mwaka 2023 ulianza kwenye wiki ya nne ya Machi, kwa hiyo wiki tatu za Aprili zilikuwa za futari. Mwaka 2026 umeangukia Februari na Machi. Aprili haina hata siku moja ya Ramadhani. Ukilinganisha Aprili kwa Aprili kwa kalenda ya ukutani utasema biashara yangu imekufa, na ya jirani imefufuka, kumbe ni mwezi tu umesogea. Mshona kanzu na muuza viatu vya watoto wako kwenye mtego huo huo, kwa sababu yao ni sikukuu.

Ukienda Nungwi au Paje, mchora hina na muuza vikoi wanaihesabu mvua. Masika ya Machi mpaka Mei wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga kabisa, halafu Julai na Agosti pwani hujaa. Huyo akiandika "laki tano kila mwezi" amejiandikia miezi miwili ya kujilaumu bure na miezi miwili ya kulala mapema. Afadhali aandike mawili: Julai ninauza, Mei ninashona.

Kaka yangu Wete anaihesabu karafuu. Mwaka mkarafuu ukizaa, wachumaji wanalipwa, wenye mashamba wanauza kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na mchele dukani hauketi. Mwaka usipozaa, daftari la wakopaji linanenepa. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, mwaka huu inainama kwa vikonyo, ujao inakupa majani. Nilimwambia: lengo lako la mwaka liwe mawili, moja la mwaka wa karafuu na moja la mwaka mkavu, na uamue uko upi kabla hujaagiza mali. Alicheka, akasema wazee walikuwa wakifanya hivyo bila karatasi. Sawa, lakini wazee walikuwa na kumbukumbu kuliko yeye.

Na wifi yangu wa Jambiani ndiye aliyenifungua macho. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Kinafuata maji. Bamvua likiingia, bahari inatoka mbali, unashuka kufunga mbegu, kukaza kamba, kuvuna uliokwisha wiki sita hivi. Maji mafu yakija, huna pa kusimama. Unakaa nchi kavu ukianika. Kwa mwezi mabamvua ni mawili, mwezi mchanga na mwezi mpevu. Nilimwuliza lengo lake la mwaka. Akanitazama kama nimemwuliza idadi ya nyota. "Bamvua hili nifunge kamba arubaini. Lijalo nitajua likija."

Kamba arubaini. Ana kiasi, ana muda, ana kazi ya mkono, na akikosea anajua ndani ya siku kumi na tano. Mimi nilikuwa nikikosea najua Disemba.

Wazee wa visiwani walikuwa na kipimo kifupi zaidi. Mwaka wao wa jua, ule unaoanza kwa siku ya Mwaka, ambao Makunduchi bado wanaukoga kila Julai, waliukata kwa siku kumi kumi, wakaziita miongo. Mkulima aliulizana na mwenzake "mwongo wa ngapi huu?" ndipo ajue la kupanda, nahodha naye aliuliza hivyo hivyo kabla ya kutweka tanga. Mwongo unanifaa mimi. Siku kumi zinatosha kuona kama duka fulani linarudisha mikate kweli au ilikuwa mvua ya siku moja, na ni chache kiasi kwamba nikiharibu sijaharibu mwezi.

Je, mwaka utupwe? Hapana, na kwa mwenye biashara Mwislamu haujatupwa tangu zamani. Zaka ya mali ya biashara hupigiwa hesabu kila ukitimia mwaka wa mwezi mwandamo, siku 354 hivi: unahesabu mali iliyoko rafuni kwa bei ya leo, fedha taslimu, ukifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, unatoa asilimia mbili na nusu. Wengi wetu tunaifanya hesabu hiyo kwa ajili ya ibada, tukishatoa tunalitupa karatasi. Usilitupe. Hiyo ndiyo picha halisi ya biashara yako, mara moja kwa mwaka, siku ile ile ya mwaka ule ule unaotembea pamoja na Ramadhani. Ukiweka karatasi la mwaka jana pembeni ya la mwaka huu, umepata ulinganisho wa haki ambao kalenda ya ukutani haiwezi kukupa. Mimi la mwaka nimelipa kazi hiyo moja tu: kupima mtaji umekua au umeliwa. Kazi ya kuamka na kufanya nimeipa mwongo.

Gumu au jepesi

Hili nalipita haraka. Mtafiti Edwin Locke aliandika mwaka 1968 kwamba lengo gumu na lililotajwa waziwazi humfanya mtu afanye zaidi kuliko kuambiwa "jitahidi kadiri uwezavyo", na tafiti nyingi zilizofuata zilimuunga mkono, mradi mtu awe amelikubali na kazi anaiweza. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Ukiwa unajifunza kitu kipya, kama mimi nilipojaribu mikate ya mofa, lengo la idadi linakuvuruga. Nilijiwekea mofa hamsini kwa siku, nikaishia kutoa hamsini mibovu. Ningejiwekea kujifunza kwanza: nijue moto wa tanuri, nijue unga gani, nipate njia tatu za kuuzuia usipasuke. Kwa kazi unayoijua weka namba ngumu. Kwa usiyoijua, weka la kujifunza.

Ile SMART, herufi tano za kupimia lengo zinazofundishwa kwenye kila semina, ilitoka kwa George Doran, mwaka 1981, mtu aliyekuwa amesimamia mipango kwenye kampuni ya Washington Water Power. Aliwaandikia mameneja. Herufi ya A kwake haikuwa "linalofikika" kama tunavyoambiwa, ilikuwa ni nani aliyekabidhiwa. Na mwenyewe alisema si lazima kila lengo litimize herufi zote tano. Mimi ningewaomba walimu wa semina waturudishie A ya zamani, maana kwenye biashara ndogo lengo hufia hapo: "tutadai madeni kila wiki". Nani? Mimi nadhani ni kijana wa kupeleka mikate, yeye anadhani ni mimi, na mdaiwa anatuombea sote maisha marefu.

Kimya au mbele za watu

Kuna wanaoamini lengo likisemwa linaharibika, macho ya watu. Na kuna wanaolitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nimejaribu yote mawili. Nikinyamaza, nilijisamehe kila wiki. Nikitangaza, nilisifiwa kabla sijafanya kitu, na sifa ile ilinishibisha.

Kilichonifaa kiko katikati: kumwambia mtu mmoja au wachache ambao watapata hasara nikilegea. Upatu ndio huo. Sisi ni kumi, kila mwongo tunatoa elfu ishirini ishirini, mmoja anapokea laki mbili. Hakuna anayeniuliza malengo yangu, wananiuliza elfu ishirini iko wapi. Nikaomba zamu yangu iangukie mwezi kabla ya Ramadhani, kwa sababu ndipo ninapohitaji ufuta na unga wa akiba. Mwenye kikundi cha kuweka na kukopa anaweza kufanya hivyo hivyo kwa tarehe ya kugawana. Jirani mwenye kijicho hahitaji kujua lolote.

Ila upatu una upande wake mbaya, nao hausemwi: unakulazimisha kutoa hata mwongo ambao biashara imelala. Mwenye kipato cha msimu, kama mchora hina wa Nungwi, asiingie upatu wa mwaka mzima. Aingie unaoanza Julai na kuisha kabla ya masika.

Mimi ningechagua hivi

Ukiwa unaanza, miezi yako ya mwanzo, usiweke lengo la fedha kabisa. Andika kila kinachotoka na kinachorudi kwa miongo mitatu. Hujui bado namba ipi ni yako.

Ukiwa na deni au kodi, fedha kwanza, kisha uigawanye kwa siku za kazi, na ukiona siku moja inahitaji mauzo ambayo hujawahi kuyafikia, nenda ukazungumze na mdai leo, kabla ya tarehe.

Ukiwa mtu wa msimu, iwe karafuu, wageni au mwani, tupa robo nne za mwaka. Fuata mvua, bamvua au mavuno, na miezi mikavu uipe lengo la kutengeneza mali au kukusanya madeni.

Ukiwa kama mimi, biashara ya kila siku, inakwenda lakini haikui, tafuta namba moja ndogo inayovuja na uikabe. Moja tu. Mbili nilijaribu, ya pili ikawa kisingizio cha ya kwanza. Yangu nimeiandika kwa chaki kwenye mlango wa jiko, naifuta na kuiandika upya kila baada ya siku kumi.

Kaka alipiga tena mwanzo wa mwaka huu. "Umeandika ngapi?"

"Tatu."

"Milioni tatu tu? Umerudi nyuma, dada."

"Mikate mitatu."

Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani salio limemwishia.